Mashine ya Boti ya Mkalole

Katika kijiji cha Mkalole, kando ya Ziwa Nyasa, aliishi fundi wa mashine za kusaga, mwanamke aitwaye Ositha Kapinga. Mikono yake ilinuka dizeli hata Jumapili, na mwenyewe hakuona haya.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji akamwita. Ghala la zamani la ushirika lilikuwa linasafishwa ili liwe zahanati, na kwenye kona, chini ya magunia yaliyooza, lilikutwa lichuma kubwa lililojaa kutu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa njiani na lori lao.

"Fundi, tuambie hiki ni kitu gani kabla hakijapakiwa," mwenyekiti akasema. "Wengine wanasema ni mashine ya kukoboa, wengine wanasema ni ya trekta."

Ositha hakujibu haraka. Akachuchumaa, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akafuata kila bomba kwa kidole. Bomba moja la shaba lilitoka kwenye pampu ndogo likazunguka silinda. Hii ilikuwa mashine ya kunywa maji ya ziwa ili ijipoze. Nyuma yake palikuwa na mahali pa kufungia mhimili wa pangaboi. Na kichwani, pale ambapo alitegemea kukuta plagi, palikuwa na tufe la chuma mfano wa kibuyu.

Akatabasamu. Mwalimu wake wa ufundi aliwahi kumsimulia habari za mashine hizi: unakipasha kile kibuyu kwa moto wa jiko la pampu mpaka kiwe chekundu, ndipo inawaka.

"Hii ni mashine ya boti," akasema. "Tena ya zamani sana."

Mwenyekiti akashika kiuno. "Basi ni ile ya boti ya ushirika! Nahodha wake alikuwa Mzee Anselmi."

Mzee Anselmi Nchimbi akaitwa. Alipoiona tu, akageuza uso.

"Ipakieni," akasema. "Hiyo aliiua Kaspari."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Zamani boti ile ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali, maana barabara haikuwepo. Ilipopandishwa nchi kavu ibadilishwe mbao, fundi wake, Kaspari Ndomba, aliambiwa kwamba kazi yake atapewa mtu mwingine. Kabla ya kuondoka, aliitoa mashine akaiweka ghalani. Mbao zilipokamilika, wanaume wakaizungusha mashine. Haikutikisika. Wakalazimisha mpaka hendeli ikakatika, wakasema Kaspari ameiharibu kwa kisasi. Boti ikaozea ufukweni, wagonjwa wakarudi kubebwa kwenye machela. Kaspari akahamia ng'ambo ya mto, na tangu hapo Anselmi hakumsalimia, hata msibani.

"Yeye mwenyewe alisemaje, babu?" Ositha akauliza.

"Alisema, 'Ifungueni.' Nani angekaa kumsikiliza mharibifu?"

Ositha akaiangalia ile mashine. Nati zake zote zilikuwa zimeganda kwa kutu. Ilionekana wazi kwamba kwa miaka mingi hakuna spana iliyozigusa.

"Mwenyekiti, lori lichukue mengine," akasema. "Hii naihamishia kwangu."

Wanaume wakaibeba kwa miti hadi uani kwake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kusaga, Ositha alizimiminia nati zile mafuta ya taa, akazigonga kidogo kwa nyundo, akaziacha.

"Mama, chuma nacho unakimwagilia kama mchicha?" jirani akamtania.

"Namwagilia, na nitavuna," akajibu.

Nati zikaanza kulegea, moja leo, nyingine keshokutwa. Mzee Anselmi naye akawa anapita njiani, mara ya kwanza kwa mbali, mara nyingine akasimama, mwisho akaja na kigoda chake.

Siku mfuniko wa ubavuni ulipotoka, Ositha alijiandaa kukuta kutu tupu. Hakuikuta. Ndani kulipakwa grisi kila mahali, chuma kinang'aa kama kisu kipya. Kila tundu la bomba lilizibwa kwa kizibo cha mti kilichochongwa kikatosha barabara. Na chini, pembeni ya mhimili, palipigiliwa kabari ya mninga iliyoviringishwa kitambaa cha mafuta.

Ositha akaketi chini. "Babu, njoo uone."

Anselmi akainama.

"Mashine hii haikuuawa," Ositha akasema taratibu. "Ilitunzwa. Kabari hii iliwekwa ili isicheze wakati wa kubebwa. Hii ndiyo iliyowakatalia siku ile. Mngefungua mfuniko mmoja tu, mngeiona."

Akaing'oa kabari. Anselmi akaweka kiganja kwenye gurudumu zito la ubavuni, akalisukuma. Likazunguka pole pole, bila kelele.

Mzee akaondoa kiganja kwenye gurudumu. Kisha akasema, "Mwanangu, nipeleke kwa Kaspari."

Walimkuta anapukuchua mahindi mlangoni. Aliinua macho, akamtambua mgeni wake, lakini hakusimama.

"Kaspari," Anselmi akasema, "tumeifungua."

Mikono ya Kaspari ikatulia juu ya gunzi. "Kabari mmeikuta?"

"Tumeikuta."

"Kitambaa bado kina mafuta?"

"Bado kina mafuta."

Kaspari akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi niliifunga vizuri."

"Kwa nini hukuja kuifungua mwenyewe, ndugu yangu?"

"Nilikuja. Wewe ndiye uliyenifungia mlango wa ghala."

Anselmi akainamisha kichwa. Kaspari akamvutia kigoda, akamwekea ungo wa mahindi mapajani, wakapukuchua pamoja.

Jumamosi iliyofuata Kaspari alivuka mto. Yeye na Ositha wakawasha jiko la pampu, wakapasha kile kibuyu mpaka kikawa chekundu, wakazungusha gurudumu. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika mwendo. Akina mama wakapiga vigelegele.

Anselmi akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Nilisema Kaspari aliharibu mashine," akasema kwa sauti ili asikike. "Hakuharibu kitu. Mimi ndiye niliyeharibu jina lake, na leo namwomba radhi mbele yenu nyote."

Mchana ule Ositha aliwapikia ugali na dagaa. Wazee wawili wakala sahani moja, wakibishana kwa furaha boti mpya ichongwe kwa mbao gani.

Funzo: Kabla hujamwita mtu mharibifu, fungua uone alichokifanya, na ukigundua ulikosea, mrudishie jina lake mbele ya wale wale waliokusikia ukilichafua. Ukishasoma, mpelekee hadithi hii mtu ambaye hukuwahi kumpa nafasi ya kujieleza.