Kwa Nini Askari wa Mchwa Hulishwa

Wewe unayekaanga kumbikumbi kila masika, umewahi kumwona askari wa mchwa akijilisha mwenyewe? Hujamwona, na hutamwona.

Zamani mchwa wote walikuwa na vichwa vidogo. Aliyejenga asubuhi ndiye aliyelinda jioni, na kichuguu kilisimama. Kisha Malkia akaanza kuona haya. Eti walinzi wake wananuka udongo! Akaajiri sungusungu: weusi, wanang'aa, wanatembea kwa mstari. "Hawa ndio weledi," akatangaza, na wakubwa wote wakapiga makofi.

Bi Nyange, fundi wa kuta, hakupiga. Tangu wageni hao waje, watoto walikuwa wakipungua, na bintiye Mwasi hakuonekana tena. Kila akiuliza, anaambiwa wamepelekwa masomoni. Masomoni! Shule gani hiyo isiyo na likizo?

Siku moja Muhanga, yule mla mchwa mwenye ulimi kama kamba, akatoboa ukuta. Bi Nyange akamkimbilia mkuu wa sungusungu.

"Mama, mkataba wetu ni wa kulinda mlango," akajibiwa. "Lile ni tundu."

"Tundu tutakalofia sote!"

"Poleni sana."

Wakaondoka zao, kwa mstari uleule.

Kidete, mwanawe Bi Nyange, hakuwa na mkataba na mtu. Alijitumbukiza kwenye tundu, akaung'ata ule ulimi. Vijana wenzake wakamfuata.

"Mama, ziba nyuma yetu!"

Bi Nyange akaziba, huku analia, huku anamtukana Malkia matusi yote aliyoyajua.

Muhanga alipochoka akaenda zake, mama akabomoa tope aliloliweka mwenyewe. Kidete alikuwa hai, lakini kichwa kimevimba na kukauka kama jiwe, taya haziwezi kutafuna hata unyasi. Bi Nyange akamtafunia. Majirani nao wakaja kuwatafunia wale wengine, bila kuitwa.

Na tangu siku hiyo askari wa mchwa huzaliwa na kichwa kikubwa, na hulishwa mdomo kwa mdomo na wale anaowafia.

Lakini siku ile yenyewe ilikuwa haijaisha. Bi Nyange aliingia kwa Malkia bila kubisha hodi.

"Mwasi yuko shule gani?"

Malkia akatazama dari. Akataja usalama wa taifa. Bi Nyange hakuondoka, na nyuma yake mlango ulikuwa umejaa wazazi.

"Sungusungu hawali udongo," hatimaye Malkia akasema. "Niliwalipa kwa watoto wenu. Mwasi alikuwa wa kwanza. Nilimchagua mimi."