Kalunguyeye na Wimbo wa Kisiwa cha Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wamejibu wa mbele tu? Nyie wa nyuma mnangoja hadithi inoge kwanza? Haya, nawarudia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kaskazini ya mbali, kulikuwa na kisiwa cha kijani. Mvua inanyesha asubuhi, inanyesha mchana. Ukungu unashuka, ukungu unapanda. Ukilala kule hujui kama umelala, ukiamka hujui kama umeamka.

Wanyama wa kisiwa hicho walikuwa na timu ya mpira. Wachezaji walikuwa fisi-maji, wale waogeleaji wa mtoni wenye manyoya laini, na nahodha wao alikuwa Fisi-maji mwenyewe, mkubwa wao, mwenye masharubu. Sasa uwanjani ukungu ni mzito, goli halionekani. Basi kukawa na desturi. Mashabiki husimama nyuma ya goli la mpinzani na kuimba wimbo wa kisiwa. Wachezaji wanafuata sauti. Wimbo ulikuwa huu:

*Ukungu shuka, ukungu panda,*
*nyumbani ni hapa, nyumbani ni hapa.*
*Tukipigwa tupo, tukipiga tupo,*
*njoo kwa sauti, njoo nyumbani.*

Lakini timu ilikuwa inafungwa. Mwaka huu inafungwa, mwaka ujao inafungwa. Mashabiki wakapungua, wakapungua, akabaki mmoja. Nani? Bibi Kalunguyeye, mdogo, miiba mgongoni, sauti ya kukwaruza. Anasimama peke yake kwenye jiwe lake. Anaimba mistari yote minne.

Na Mbweha je? Mbweha alivaa skafu nyekundu. Alishangilia timu ya Mbwa wa Kisiwa Kikubwa, ng'ambo ya maji. Jamani! Mbweha anashangilia mbwa! Mbwa wale wale waliomkimbiza babu yake mpaka ulimi ukagusa nyasi!

"Bibi," Mbweha akamwambia, "unapoteza muda wako. Wale hawashindi."

"Mjukuu wangu, mimi sikuja kushinda. Nimekuja kwetu."

Mbweha akacheka, akaenda zake.

Mwaka mmoja, sijui upepo gani ulivuma, timu ikashinda. Pu! Goli. Ikashinda tena. Pu! Pu! Ikaingia fainali, na fainali ni dhidi ya Mbwa.

Kisiwa kikageuka kijani hata juu ya mabega. Bata wana skafu za kijani. Kondoo wana skafu za kijani. Hata wageni wakavuka maji kutoka mbali, kila mmoja anasema, "Bibi yangu mzaa mama alizaliwa hapa!" Bibi gani hao wote, kisiwa kidogo vile? Na mbele ya wote nani? Mbweha! Skafu ya kijani, kifua mbele: "Timu yetu! Mimi nimekuwa nayo tangu utoto!"

Kalunguyeye alifurahi, lakini alikuwa na shida. Kalunguyeye wa kule, majani yakianza kuanguka, hulala, na huamka baridi ikiisha. Miaka yote timu ilitolewa mapema, naye akalala bila wasiwasi. Sasa majani yanaanguka, na fainali bado. Macho mazito. Dunia inaelea.

"Nisilale," akajiambia. "Ee Mungu, siku moja tu. Niwaone wakishinda."

Akaosha uso kwa maji baridi, chwa, chwa, akaenda uwanjani. Akakuta jiwe lake limekaliwa.

"Bibi, rudi nyuma," akasema Mbweha. "Hapa ni pa mashabiki."

Wakamsukuma mpaka mtaroni. Iliniuma kusikia hivyo, na mpaka leo inaniuma.

Kunguru, refa, akapuliza kipenga. Priii! Ukungu ukashuka. Mbwa hawakujali, wao wana pua. Fisi-maji akatega sikio. Umati ukaanza kwa kishindo: *Ukungu shuka, ukungu panda!* Halafu? Halafu hakuna aliyejua mstari wa pili. Mmm, mmm, mmm. Na walikuwa wamejaa pande zote za uwanja, hata nyuma ya goli lao wenyewe. Mmm huku, mmm kule. Fisi-maji akakimbia huku, akarudi kule, akafuata mmm iliyokuwa kubwa zaidi. Akapiga mpira. Pu!

Goli lao wenyewe.

"Timu gani hii!" akafoka Mbweha. "Sisi tulijua hawashindi!"

Skafu zikaanza kuanguka chini, na umati ukaondoka. Uwanja ukanyamaza kama shamba. Ndipo Kalunguyeye akapanda jiwe lake, nusu amelala, akaimba: *nyumbani ni hapa, nyumbani ni hapa.*

Fisi-maji akasikia. Akakimbia moja kwa moja kwenye sauti. Akapiga. Ngo! Mwamba wa goli. Priii! Mpira umekwisha.

Wamefungwa. Kalunguyeye akamaliza mstari wa nne, akaanguka usingizini pale pale.

Wachezaji hawakulia. Walimbeba, wakampeleka kwenye kichaka chake, wakamfunika majani. Kisha wakasimama kumzunguka, wamelowa, wakamwimbia yeye mistari yote minne, polepole.

Mbweha alikuwa anapita njiani, skafu ya kijani mkononi, anatafuta pa kuitupa. Akasikia. Akasimama. Aibu ikamshika mpaka kwenye mkia.

Mvua ikanyesha, baridi ikaja, baridi ikaisha. Kalunguyeye akafumbua macho. Nje ya kichaka amekaa Mbweha, skafu ya kijani shingoni, imepauka kwa mvua.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "kesho wanacheza. Baada ya *tukipigwa tupo*, inakujaje?"

"Haya, mjukuu wangu. Huenda wakafungwa tena."

"Najua, Bibi. Nifundishe."

Watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: anayependa kwao siku ya kushinda tu, amependa ushindi, hajapenda kwao. Simama nao wanapofungwa, na ujifunze wimbo mpaka mwisho.

Hadithi yangu imeishia hapo, imejifunika majani, imelala. Na safari hii nyie wa nyuma mmenyamaza vizuri.