Maji Yaliyopita kwa Kajiru

"Wa juu hunywa kwa jembe la wa chini." Ndivyo mama mwenyekiti wa mfereji alivyomjibu asubuhi hii yule bwana aliyetuma udhuru badala ya jembe, nanyi vijana mkacheka bila kujua mnacheka nini. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Viazi bado havijaiva, basi kaeni niwaambie. Methali hii ilianza kwenye mfereji huu huu mliotoka kuuzibua.

Mwaka uliofuata Uhuru, shamba la kwanza kupitiwa na maji lilikuwa la Kajiru, mkulima hodari, mwenye mahindi mengi na maneno mengi zaidi. La mwisho, kule bondeni, lilikuwa la mjane mmoja, Nakijwa. Tangu zamani maji yaligawanywa kwa zamu, leo hawa kesho wale, na asiyekuja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, alikosa zamu yake. Kajiru aliichukia desturi hiyo. Kuyaona maji yakipita mbele ya mahindi yake kwenda kwa wengine kulimuuma kama jino bovu.

Basi akasimama mkutanoni. "Ndugu zangu, sasa tunajitawala. Zamu ni amri, na amri zimeondoka na waliotutawala. Mtu huru afungue maji apendapo, achimbe apendapo."

Maneno yalikuwa matamu, na watu walikuwa bado wamelewa furaha ya bendera mpya. Mikono ikanyooshwa, zamu ikafutwa. Nakijwa alipinga, akashindwa, akaenda zake nyumbani.

Wiki tatu Kajiru aliishi kama sultani. Aliuziba mfereji kwa udongo na vigogo vya migomba, maji yote yakageukia kwake, naye akaketi kivulini akiyasikiliza mahindi yake yanavyokunywa. Bondeni maharage yalianza kunyauka. Yeye hakuona kosa. Alikuwa huru, nao walikuwa huru.

Kisha mvua moja ya ghafla ikaporomosha udongo huko juu mlimani, mfereji ukafukiwa hatua mia mbili. Kajiru akapiga baragumu la msaragambo. Hakuja mtu. Wangechimba kwa faida gani, maji yaishie kwake? Akachimba peke yake siku nne, na kila alipogeuza mgongo udongo uliteremka tena. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Wiki moja ya jua ingeyamaliza, na mkewe na watoto watano hawakuwa na shamba jingine. Siku ya tano akaogopa kweli, akashuka bondeni. Alimkuta Nakijwa akisuka kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kajiru. Umekonda. Kumbe uhuru haunenepeshi?"

"Mama, njooni mnisaidie kuchimba."

"Ulisema mtu achimbe apendapo. Mimi sijapenda."

Kajiru akainamisha kichwa. "Nilidhani uhuru ni mtu kutozuiwa na mtu."

"Wewe hukuzuiwa. Sisi ndio uliotuzibia. Lakini usiniombe mimi, itisha mkutano. Palipofutwa zamu ndipo pa kuirudisha."

Mkutanoni alikiri kosa lake mbele ya wote, masikio yakiwaka kwa aibu. Wengine walitaka anyimwe maji mwaka mzima. Aliyekataa ni Nakijwa.

"Tukimnyima leo kwa kuwa tuko wengi, kesho wengi watakuwa upande mwingine, na wa kunyimwa nitakuwa mimi. Apewe zamu kama mtu yeyote. Ila safari hii tuanzie bondeni."

Mikono ikanyooshwa, na wa Kajiru ulikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Kesho yake majembe arobaini yaliuzibua mfereji kabla ya adhuhuri. Maji yakaja yakiimba, yakampita Kajiru, maana siku ya kwanza ilikuwa ya mashamba ya bondeni, ya pili ya katikati, na ya juu, likiwemo lake, yalingoja siku ya tatu. Mkewe alimkuta ameketi ukingoni, jembe mapajani, na nyuma yake mahindi yamekunja majani kwa kiu.

"Baba Elinaja, mbona hufungui? Kwani nani anakuona?"

Kajiru akacheka, mara ya kwanza tangu ile mvua. "Hakuna anayeniona. Lakini mimi nilichimba siku nne sikuleta hata tone. Yaache yashuke, mama watoto. Wa juu hunywa kwa jembe la wa chini."

Mkewe hakuwa mtu wa kukaa na neno zuri kifuani. Hata mwezi haukuisha, kijiji kizima kikawa kinalisema.

Mahindi je? Yalivumilia. Siku ya tatu, jua lilipochomoza, Kajiru alitoka na kumkuta mtu ameshafika mferejini, anamfungulia maji. Alikuwa Nakijwa, amepanda mlima wote ule na jembe lake begani.

Haya, epueni viazi. Na yule bwana wa udhuru, naye shamba lake liko huko juu, mpelekeeni viwili, mmwambie kwa upole: wa juu hunywa kwa jembe la wa chini.