Chafya Inayoangusha Matunda

Hapo zamani za kale, watoto, kiboko alipokuwa bado anapiga hodi kabla ya kuvunja ua wa watu, Mzee Kiboko alitaka kupanua njia yake ya malishoni. Katikati ya njia palikuwa na shimo, na shimoni akiishi Nguchiro, mkewe na vitoto vyao.

"Wewe kijana wa mkia!" akanguruma. "Jua likizama nakanyaga hapa. Uwepo, usiwepo!"

"Mzee wangu, nina kitoto hakijafumbua macho!"

"Afadhali. Hakitaona mguu unaokuja."

Akajitosa mtoni. Chubwi!

Sasa, Nguchiro alibanwa na mafua. Kutwa chafya: chya! chya! Na ukingoni ulisimama mvungunya, mti wenye matunda mazito kama michi, yanayoanguka yakipenda, yasipopenda hayaanguki.

Mzee Kiboko humo majini alikuwa amekunja masikio, hasikii chafya hata moja. Hata pumzi aliivuta kwa ncha ya pua tu, macho kafumba. Lakini tunda lilipotumbukia, chubwiii! mto ukatikisika, akaibuka macho yamemtoka. Akaona nini? Nguchiro, pua imejikunja: "Chya!"

Akazama. Chubwiii! Akaibuka: "Chya!"

Akazama tena. Chubwiii! "Chya!"

Nywele zikamsimama, hizo chache alizo nazo mdomoni.

"Ni... ni wewe unayeuamrisha huu mti?"

Nguchiro akautazama mti. Akayatazama maji. Akili ikawaka, pa!

"Kwani kila ukiibuka unamkuta nani?"

"Wewe."

"Anafanya nini?"

"Anapiga chafya."

"Haya, nijibu nini tena?"

"Salaale! Na ukipiga chafya kwa hasira?"

"Tunda linachagua kichwa, mzee wangu."

Shemeji yake Kiboko, Kifaru, aliyekuwa kajilaza kivulini tangu asubuhi, alicheka hadi pembe ikachimba udongo. "Shemeji, umelogwa? Huyu anachemua tangu alfajiri, na mara nyingi mti hunyamaza! Mimi nipo hapa, nasikia. Hebu baki juu nawe usikie."

Kiboko akabaki juu.

"Chya!" Kimya.

"Chya!" Kimya.

"Chyaaa!" Likadondoka jani moja, polepole, kama linaona aibu.

"Unaona?" akasema Kifaru.

Nguchiro jasho likamtoka. Mkewe akaanza kubeba vitoto kwa meno.

Lakini jua lile! Ngozi ya kiboko na jua, paka na maji. Mgongo ukaanza kufuka.

"Shemeji, naungua!"

"Vumilia kidogo!"

"Vumilia wewe, mwenye ngozi ya mlango!"

Akazama. Papo hapo, chubwiii! Akaibuka.

"Chya!"

"Umeona, shemeji? Umeona maajabu?"

"Na zile chafya nyingine je?"

"Zipi?" akauliza Kiboko kwa mnong'ono. Wala hakuwa anatania. Zilikwisha kumtoka kichwani zote. Yeye aliona mkono mkubwa usioonekana, umeshika matawi yote ya dunia, ukingoja pua ndogo iseme neno.

Jua lilipozama alipita mbali, kwa ncha za vidole, pumzi kaibana, akiutupia jicho ule mti mrefu uliokaa kimya, kama mtu apitaye mbele ya mfalme aliyelala. Shimo halikuguswa, na Nguchiro alilala fofofo.

Basi, watoto: anayehesabu vishindo akasahau kimya, hata mafua yatamtawala.