Takataka Zilizopanda Mlima

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana plastiki ilikuwa imeshazaliwa na imeshagoma kufa, palikuwa na kijiji kisiwani Bali, kwenye mteremko wa mlima. Huko Bali upande wa mlimani ni mtakatifu, upande wa baharini ni wa uchafu. Kwa hiyo kila nyumba hujenga madhabahu yake pembe ya mlimani, na taka zake huzitupa pembe ya baharini. Safi kabisa! Ila mtu asiulize: kwenye mteremko, upande wangu wa baharini ni upande gani wa jirani yangu wa chini?

Eee. Mmeshaona. Taka zangu, madhabahu yako.

Enzi za mababu haikudhuru. Sadaka zilifungwa kwa majani ya mnazi, zikaoza, zikawa udongo. Siku hizi hata biskuti ya miungu inakuja na nailoni yake! Mfereji wa maji ya mpunga ukaanza kuziba, na masika yako mlangoni yanabisha hodi.

Baraza likaitwa. Likagongwa gogo la wito, lile lililochimbwa tumbo, ko! ko! ko! Wanaume wakaketi, kila mmoja na jamvi lake. Wanawake? Jikoni, wanachemsha kahawa. Basi wanaume wakajadili uchafu kwa ufundi mkubwa, wala hapana hata mmoja aliyewahi kushika ufagio.

"Tuzisukumie korongoni," akasema mkuu wa baraza, Mzee Wirya, mwenye nyumba ya juu kuliko zote.

Bi Rencani, aliyekuwa akigawa kahawa, akatua sinia katikati ya majamvi. "Wazee wangu, korongoni ndimo unamopita mfereji. Mkizisukumia humo, mwaka huu tutakula majamvi. Tuzitenge majumbani: kinachooza kirudi shambani, kisichooza kitiwe guniani."

"Mama, lete sukari," akasema Mzee Wirya.

"Sukari ipo, mzee. Masikio ndiyo yaliyokwisha."

Lo! Akatolewa nje, akapigwa marufuku hata kugawa kahawa. Mumewe kila akipita njiani anaitwa "mke wa Rencani".

Bi Sukerti, mjane wa nyumba ya chini kabisa, akayasikia yale. Akazizoa taka zilizoanguka kwenye madhabahu yake, akazipanga kwenye sinia, akazipamba maua, akachomeka udi. Akafunga mshipi wa ibada kiunoni, akajitwika, akapanda kwa jirani wa juu.

"Dada, naleta."

Sadaka haikataliwi mlangoni! Jirani akapokea, akachungulia, akaiona pakiti yake mwenyewe ya sabuni. "Kumbe hii yangu?"

"Yako, na ya aliye juu yako."

Jirani naye akafunga mshipi, akazoa zake, akapanda. Na wa juu yake akafunga mshipi, akazoa, akapanda. Nyumba kwa nyumba, msafara wa wanawake, udi unafuka, nepi zinanuka, mpaka kwa Mzee Wirya. Yeye juu yake hana jirani. Juu yake wako miungu tu, na hao hawafui kwa sabuni ya pakiti.

Uwanja ukajaa. "Leteni toroli!" Mzee Wirya akapiga kelele. "Korongoni, upesi, mvua inakuja!"

Mkewe, Bi Murtini, akachukua kiti, akakiweka katikati ya lango, akaketi. "Toroli halipiti hapa, Bli." Bli ni kaka, ndivyo mke wa huko amwitavyo mumewe, hata akiwa amemchoka.

"Mke wangu, zinanuka!"

"Hata huko chini zilinuka. Nilikuwa sisikii harufu, maana mtupaji wa kwanza ni mimi."

Rasharasha zikamnyeshea, akakaa. Mzee akakosa chakula, akakosa kahawa, akakosa pa kupitia. Baraza nalo likapasuka nusu kwa nusu: hawa korongoni, hawa magunia.

"Basi!" akasema mzee. "Mwanamke mmoja aketi nasi, na kura yake ndiyo itakayoamua. Jamvi ni moja tu! Gogo likinyamaza jamvi li tupu, atalikalia shemeji yangu."

Na shemeji ameshaegemea nguzo, koleo mkononi. Huyo analipenda korongo kama kwao.

Gogo likaanza. Ko! ko! ko!

"Jamvi langu," akasema Bi Rencani. "Nilisema mimi wakati nyote mnakoroga kahawa, nikafungiwa mlango."

"Ulisema, dada, na taka zikabaki palepale," akajibu Bi Sukerti. "Maneno yako niliyabeba mimi kichwani, yananichuruzikia shingoni!"

"Ukayabeba mpaka kwangu," akasema Bi Murtini, "na toroli lingeyarudisha chini siku ileile. Nani alilizuia? Na jioni nani anarudi nyumbani na yule mzee?"

"Wewe uliyekuwa wa kwanza kutupa!"

"Ndiyo maana nilijua pa kuweka kiti!"

Ko... ko... Mgongaji mkono unamlegea. Wingu limekalia mlima. Shemeji ameshavua kandambili moja.

Nanyi mnaotafuna karanga huko nyuma, msinitumbulie macho, na hayo maganda msinirushie mimi. Ko... Semeni upesi, gogo halijanyamaza: aliyesema, aliyebeba, au aliyezuia? Je, jamvi lile ni la nani?