Dashibodi Safi

Ndugu zangu, leo nina habari ya gari dogo. Wenye magari msianze kuchekelea, na ninyi mliokuja kwa miguu msisinzie mkidhani habari hii haiwahusu. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mtaniambia ni ya nani.

Kulikuwa na mwanamume mmoja katika mji wa milimani, mji ambao ukitoka tu mlangoni kwako, ama unapanda ama unateremka. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai, na alikuwa na gari dogo jekundu la zamani, la aina ile ambayo ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unafika. Alilipenda gari lile. Simlaumu kwa hilo. Humu ndani wamo wanaume wanaokumbuka tarehe waliyopata pikipiki yao, lakini tarehe ya ndoa mpaka wakaangalie cheti.

Mtu huyu alikuwa katika kundi la wenye magari madogo, watu kumi na wawili. Waliongea kwenye simu wiki nzima, na kila Jumamosi asubuhi walikutana kwenye uwanja wa mnada, wakafungua boneti, wakapeana ujuzi. Huyu ameshusha gari lake mpaka linakaribia kulamba lami. Yule amebadilisha ekzosi, sasa linanguruma kuku wanakimbia. Mwingine analalamika injini inatetemeka, mwenzake anamwambia plagi zimechoka, anamwazima spana, na kazi inaisha palepale. Ukikwama njiani unatuma ujumbe mmoja tu, watu wanne wanakufikia na vifaa mkononi. Natamani ushirika wetu huu uwe hivyo hata kwa wiki moja.

Na mwenye gari jekundu ndiye aliyekuwa kichwa chao. Walimwita Profesa. Gari la mwenzao likiumwa, yeye ndiye aliyeulizwa, na alilolisema halikupingwa. Kazini alikuwa mtu wa kutumwa huku na huku, nyumbani watoto walishakua na hawamsikilizi, lakini Jumamosi pale uwanjani watu wazima walinyamaza ili yeye aongee. Mnaelewa utamu wake? Mimi ninayesimama hapa kila Jumapili ninauelewa.

Kundi lilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza waliiita dashibodi safi. Jumamosi kabla ya kukutana, kila mmoja anawasha gari, anapiga picha dashibodi na kuituma, ili ionekane hakuna taa ya hatari inayowaka. Anayetuma picha yenye taa anataniwa mpaka akatengeneze. Desturi ya pili ilikuwa kubadilishana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anatia ufunguo wake kwenye kofia ya mwenyekiti, anachota wa mwenzake, na anaendesha gari la mwenzake mpaka jioni. Hakuna anayeuliza maswali, maana asubuhi ileile wote wameoneshana dashibodi.

Sasa mwaka ule Profesa akafunga rimu pana kwenye magurudumu. Gari dogo likakaa kibabe, miguu nje, kila aliyeliona akageuka. Wenzake wakapagawa. Akawafundisha namna ya kuzifunga, akawachorea kwenye karatasi, akawasaidia mmoja mmoja. Baada ya miezi miwili watu saba walikuwa nazo.

Jumatano moja akirudi kutoka kazini, taa nyekundu ya breki ikawaka. Akasimama, akafungua boneti, akakuta kikopo cha mafuta ya breki kimebaki nusu. Akalala chini ya gari palepale barabarani, tai yake ya ukarani shingoni. Aliliona tatizo mara moja. Kila alipokata kona, ile rimu pana ilikuwa inakwaruza mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele. Mpira ulishachubuka na mafuta yanachuruzika polepole. Dawa aliijua vizuri: toa rimu, rudisha zile za kwanza, badilisha mpira. Kazi ya asubuhi moja.

Basi kwa nini hakuifanya?

Kwa sababu Jumamosi wangemuuliza, "Profesa, mbona umetoa rimu?" Na yeye angelazimika kujibu, "Nilikosea. Na ninyi saba niliowafundisha, zitoeni zenu." Ni hayo tu, ndugu zangu. Mimi nimeyasema sasa hivi bila hata kuvuta pumzi. Yeye yalimkaa kooni, hayapandi wala hayashuki.

Akatafuta chupa ndogo ya mafuta ya breki, akaificha chini ya kiti, akawa anaongeza kila baada ya siku mbili, akiangalia kwanza kama jirani yuko dirishani. Lakini taa ilikuwa haijui aibu yake. Mafuta yakipungua, inawaka. Na Jumamosi inakuja na picha yake. Ijumaa akafungua boneti, akachomoa kiwaya kinachoingia kwenye kile kikopo, akakizungushia utepe mweusi. Taa ikazimika. Kesho yake akatuma picha, na mwenyekiti akaandika, "Dashibodi safi, kama kawaida ya Profesa." Watu wakaweka vidole gumba. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini alijiambia kwamba ni mwezi huu tu.

Ikafika Jumamosi ya kubadilishana. Ufunguo wake ulichotwa na kijana mmoja fundi cherehani, mtu wa watu, ambaye ndiye aliyewashonea kundi zima fulana zao bila kulazimishwa. Gari lake yeye lilikuwa la otomatiki. Alipoona ameshika ufunguo wa gari jekundu akaruka juu.

"Kaka Profesa! Leo nimebahatika! Nateremka nalo mpaka bondeni nikamwoneshe mama. Hataamini akisikia nimeendesha gari lako."

Profesa akapiga hesabu. Jana yake alikuwa amejaza kikopo, na kwa safari za mjini kingetosha. Lakini bondeni? Mteremko ule wote, kona juu ya kona?

"Mdogo wangu," akasema, "si uzunguke nalo hapahapa mjini? Hili lina klachi, na wewe umezoea otomatiki."

"Aa, kaka! Mimi nilijifunzia klachi. Au unaonea wivu rimu zako?"

Kundi zima likacheka. Profesa naye akacheka, maana ukicheka wenzako wakicheka, hakuna anayekuangalia sana.

"Haya," akasema. "Nenda salama."

Nenda salama! Mtu mzima, akili timamu, anajua anachokijua, anasema nenda salama. Hata kama hakutaka kukiri, si angesema tu, "Chini ya kiti kuna chupa, ongeza kabla hujateremka"? Hata hilo lilimshinda, kwa sababu wangeuliza chupa ya nini. Tumetoa salamu kama hizo mara ngapi humu, tukampa mtu mkono na kumtakia amani, huku tunajua tulichomficha?

Gari lilikosa breki kwenye kona ya tatu. Likaacha njia na kugonga mwamba, likajikunja kuanzia mbele. Fundi cherehani alikuwa peke yake. Hakufa. Mguu wa kulia ulisagika, na madaktari wakaukata juu ya goti.

Habari ilipofika, wenzake wote walikimbilia hospitali. Profesa hakukimbilia hospitali. Kabla ya kwenda kumwona mtu, alikwenda kuliona gari. Lilikuwa limevutwa mpaka kwenye yadi, limepondeka, na boneti imekunjika lakini mkono ulipita. Akaingiza mkono, akakipapasa kile kiwaya, akabandua utepe mweusi, akakirudisha mahali pake. Halafu akaingia kwenye kiti na kuzungusha ufunguo, maana betri ilikuwa bado ina uhai. Taa nyekundu ikawaka. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Akaizima, akaweka utepe mfukoni, ndipo akaenda kumwona mgonjwa.

Ni matengenezo pekee aliyolifanyia gari lile mwezi mzima, na alilifanyia likiwa limeshakufa.

Wodini aliwakuta wenzake wamezunguka kitanda na fulana zao za kundi. Fundi cherehani alipomwona, akaanza kulia. Hakulia kwa ajili ya mguu. Sikilizeni alichosema.

"Kaka, nisamehe. Nimekuharibia gari lako."

Kijana akajifuta machozi, akaendelea.

"Nilikanyaga breki ikazama mpaka chini, hakuna kitu. Nimelala hapa ninafikiri. Haiwezi kuwa breki, kaka. Gari lako wewe? Na ingekuwa breki, taa si ingewaka? Haikuwaka taa yoyote. Nadhani nilichanganya nikakanyaga klachi. Uliniambia, kaka, uliniambia kabisa kwamba hili lina klachi, nikakufanyia mzaha. Nisamehe."

Watu wote kumi wakageuka kumtazama Profesa. Wengine walikuwa wanafuta macho. Utepe ulikuwa mfukoni mwake, ameushika kwa vidole, bado unanata. Mlango wa toba ulikuwa wazi mbele yake, mpana kuliko atakavyouona tena maishani, na aliyeufungua ni mtu aliyekatwa mguu kwa sababu yake. Alichotakiwa kusema ni, "Si wewe. Ni mimi."

Akainama, akamshika yule kijana bega.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema. "Nimekusamehe kabisa. Gari ni bati tu."

Ndugu zangu, watu walilia wodi nzima. Nesi mmoja alisimama na sinia la dawa akasema hajawahi kuona moyo kama ule. Mwenyekiti aliandika kundini kwamba sasa wote wamejua kwa nini yule mtu anaitwa Profesa. Na Jumapili iliyofuata mchungaji wake alimsimamisha mbele ya kanisa kama kielelezo cha kusamehe, na kanisa likapiga makofi. Ndiyo, mchungaji. Sisi nasi tumo, tunapenda sana ushuhuda mtamu na hatuulizi maswali.

Mnadhani habari imeishia hapo? Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Mmesahau wale saba.

Mwezi uliofuata, mmoja wao alituma picha kundini. Dashibodi yake ilikuwa na taa nyekundu. Akaandika, "Profesa, ya breki hii imewaka tangu jana. Nifanyeje?"

Profesa aliisoma akiwa mezani kwake kazini. Safari hii hakuhitaji kulala chini ya gari. Alijua mpira gani na rimu gani. Lakini akisema "toa rimu," mtu atauliza, "Kumbe rimu zina shida? Na lile lako jekundu je?" Na kutoka hapo ni hatua moja tu mpaka kitandani kwa fundi cherehani, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani anajifunza kukanyagia cherehani kwa mguu wa kushoto, na kila aliyemtembelea alimwambia jinsi Profesa alivyo mtu mwema.

Profesa akaandika: "Hizo taa za magari ya zamani zina wasiwasi tu. Chomoa kiwaya kwenye kikopo, zungushia utepe. Itazimika."

"Asante sana, Profesa," akajibiwa. Na vidole gumba.

Naona nyuso zenu. Mnamchukia. Hata mimi namchukia, na nimemtunga mwenyewe. Lakini hebu tumwache yeye kidogo, tujiangalie sisi. Ni mke wa nani humu amekuomba radhi kwa kununa, wakati wewe unajua ulikotoka siku ile? Ni mtoto wa nani amesema "nisamehe, baba, mimi ni mzembe", na wewe unajua ni nani aliyemvunja moyo? Ni mdogo wetu gani aliondoka katika ushirika huu ameinamisha kichwa, na sisi tukaitana kwenye kikao na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba tumemsamehe? Sisi tumesamehe sana, ndugu zangu. Tumesamehe watu ambao tulipaswa kuwapigia magoti. Na tulipowasamehe tulijisikia vizuri, tukalala usingizi, na walio nyuma yetu wakaja kutuuliza njia, nasi tukawaonesha ileile.

Mnasema dhamiri zenu hazina shida, zimetulia. Hata dashibodi ya Profesa ilikuwa imetulia. Mungu hakuangalia picha tuliyotuma Jumamosi. Yeye amelala chini ya gari na anaona mpira ulipochubuka.

Kwa hiyo leo sitawaita mbele kuombewa. Tukishatoka msije mlangoni kunipa mkono na kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Kila mmoja wetu, na mimi wa kwanza, aende akamtafute mtu ambaye alimsamehe badala ya kumwomba radhi, akamwambie haikuwa klachi.