Fisi na Vyumba vya Wanyonge

Kaeni vizuri, kisa hiki kina mifupa yake na nyama yake.

Mwaka mmoja kiangazi kilifika bonde la Mbarika kikakataa kuondoka. Nyasi zilikauka, visima vikatoa vumbi, na mwishowe moto ukashuka kutoka mlimani ukateketeza vichaka vyote. Wanyama wakabaki hawana pa kulaza ubavu. Bi Nungunungu, mjane mwenye watoto wachanga, alikuwa akijibanza nao chini ya jiwe, na kila mmoja akigeuka anamchoma mwenzake.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo moto haukufika: kiwanja cha tembo. Zamani tembo walikuwa na kiwanda pale cha kukamua mafuta ya mbarika. Mbarika zilipoisha, tembo walihama, wakaacha mapipa yenye kutu na udongo mweusi ulionuka mafuta. Babu yake Simba alikuwa ametoa amri kwamba ardhi ile ni ya viwanda na asilale mtu. Basi hakulala mtu, hata baada ya kazi yenyewe kufa.

Baraza likaitishwa. Simba alikaa juu ya mwamba, manyoya ya shingo yamechanwa vizuri.

"Neno la babu yangu halivunjwi," alisema kabla hajaulizwa.

"Nani avunje, Mtukufu?" alijibu Sungura. "Sisi tunataka kulirefusha tu. Babu alitaka ardhi ile iwafae raia. Zamani iliwafaa kwa mafuta, leo iwafae kwa vyumba. Tujenge ghorofa, na mlangoni pachongwe jina lako kwa herufi kubwa."

Simba alikohoa. "Kubwa kiasi gani?"

"Hata Kiboko, na macho yake yale, atazisoma kutoka mtoni."

Twiga akainua shingo kupinga. "Mimi sina neno na wasio na makazi, ila ghorofa itanizibia mandhari."

"Kaka," alisema Sungura kwa upole, "jengo litakalokuzibia wewe mandhari, mafundi wake bado hawajazaliwa."

Watu walicheka, Twiga naye akatafuna jani kuficha aibu. Simba akatangaza kwamba kuanzia siku ile ardhi ya kiwanda ni ardhi ya makazi. Upande wa mashariki wakae wenye uwezo. Upande wa magharibi, wenye kivuli cha miti, uwe wa wanyonge, yaani vikongwe, viwete na wenye watoto wachanga, na kodi yao iwe kufagia uwanja basi.

"Nani atasimamia?" aliuliza.

Hapo Fisi akasimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa akisikiliza, na neno "vyumba" lilikuwa limemwingia kama harufu ya supu.

"Mimi, Mtukufu. Nina moyo wa huruma. Mnyonge akilia, mimi silali."

Hilo la kutolala lilikuwa kweli. Mnyonge akilia porini, Fisi hutoka kwenda kumtafuta. Lakini hakuna aliyetaka kubishana juani, akapewa kazi.

Haki yake apewe, alisimamia vizuri. Ngiri walichimba ule udongo wa mafuta wakautupa mbali, wakaleta mwekundu safi. Kuta zikapanda, ngazi zikapanda, vibaraza vikatazama miti. Kila jioni Fisi alipita upande wa magharibi akigusa kuta, na kila alipogusa moyo ulimwuma. Vyumba vizuri namna ile! Sakafu baridi, dirisha la upepo, kisha aje kukaa nani? Panya na vikongwe!

Siku moja aliketi kwenye kibaraza akajitazama miguu ya nyuma. Kila fisi ni mfupi nyuma na mrefu mbele, hata akitembea huonekana kama anapanda kilima ambacho wengine hawakioni. Fisi aliitazama miguu ile kwa muda. Kisha akaanza kucheka mwenyewe.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema. "Kumbe mimi ni kiwete, na sikuwahi kuambiwa!"

Akaenda kuwaita jamaa zake wote. Kufikia siku ya kuhamia, upande wa magharibi ulikuwa umejaa fisi, na kila mmoja anachechemea. Mama mkwe wa Fisi aliletwa juu ya kitanda, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Alipandishwa ghorofa ya kwanza huku akiguna "yalaa, yalaa" kwa ustadi mkubwa.

Bi Nungunungu alifika na watoto wake, mkeka kichwani.

"Hodi, Bwana Fisi. Nimekuja kwa kile chumba."

"Karibu, mama. Bahati mbaya vimejaa."

"Vimejaa nani?"

"Wanyonge." Fisi aliburuta mguu hatua mbili akajishika kiuno. "Mimi mwenyewe, kama unavyoniona."

Bi Nungunungu alimtazama mguu, kisha akamtazama usoni. "Juzi ulinipita kwenye njia ya mtoni. Ulikuwa unafukuza swala."

"Ndiyo yaliyonipata, mama. Ndipo nilipoumia."

Watoto walianza kulia kwa jua. Fisi aliona haya kidogo, lakini haya za Fisi ni kama umande, hazingoji jua lipande. Akaingia ndani akajilaza kwenye sakafu baridi. Bi Nungunungu hakurudi chini ya jiwe. Alikwenda moja kwa moja kwa Sungura.

Asubuhi moja Simba alikuja kulikagua jengo. Alisimama kwanza mlangoni akasoma jina lake, akarudi nyuma akalisoma tena. Kisha Sungura akamwongoza hadi uwanja wa magharibi. Fisi wote walitoka vibarazani, huyu kaegemea ukuta, yule kashikwa mkono. Mama mkwe alisogezwa na kitanda chake hadi kwenye ukingo wa kibaraza.

"Maskini!" alisema Simba, akipangusa chozi la kweli. "Sikujua ukoo wenu una balaa hili."

"Tumezoea, Mtukufu," alisema Fisi, akifuta jicho kavu.

Sungura alitikisa kichwa kwa huzuni. "Inasikitisha, Mtukufu. Tena leo ndiyo imezidi. Nasikia nyati ameteleza akaanguka korongoni, nyati mnono wa kuliwa mwaka mzima, na tai wameanza kushuka. Nilitaka kuwaambia ndugu zetu hawa, lakini nikajiuliza, watafikaje? Ni kuwaumiza roho bure. Wacha wenye miguu mizima wajilie. Mifupa ikibaki, tutawaletea kesho."

Masikio ya fisi yakasimama, moja baada ya jingine.

"Korongo lipi?" iliuliza sauti nyembamba kutoka juu.

"Hili la hapa nyuma, mama."

Shuka liliruka upande wake na mama mkwe akaruka upande wake. Alitua uwanjani kwa miguu minne kama paka, akapita katikati ya Simba na Sungura bila kusema samahani. Baada ya hapo ikawa mvua ya fisi. Walishuka kwa ngazi, kwa madirisha, wengine wakashukia migongo ya wenzao, vumbi likatanda.

Fisi alibaki peke yake, amekumbatia nguzo. Alimjua Sungura. Alijua kabisa kwamba Sungura hatoi habari ya nyama bure. "Tulia," alijiambia. "Ukibaki hapa, chumba ni chako." Lakini akili ilisema hivi na tumbo likauliza: je, kama ni kweli? Akawaona jamaa zake wanavunja mifupa bila yeye. Akamwona mama mkwe na paja. Mate yakamdondoka.

"Ngoja niwarudishe, Mtukufu," alisema, akaondoka akichechemea. Alichechemea hadi kwenye mti wa kwanza. Kwenye mti wa pili alikuwa anachechemea kwa kasi ya ajabu. Baada ya hapo aliuacha ulemavu wake njiani akanyoosha mbio, na kabla ya kufika korongoni alikuwa amewapita wote, hata mama mkwe.

Korongoni kulikuwa na mawe, na kobe mmoja aliyetaka kujua kuna nini.

Walirudi polepole, ndimi nje. Simba alikuwa amesimama mlangoni chini ya jina lake, na Bi Nungunungu na watoto wake wako kando. Fisi alitazama kulia, akatazama kushoto, akajitupa magotini.

"Muujiza, Mtukufu! Tumepona! Ni hewa ya jengo lako!"

Wote walidhani Simba atanguruma. Hakunguruma. Kwanza aliona uchungu, maana mfalme hapendi kujua kwamba alilizwa na uongo. Kisha masharubu yakaanza kumcheza.

"Nimefurahi sana," alisema. "Basi aliyepona hana haja ya chumba cha mgonjwa. Na kwa kuwa miguu imerudi na nguvu namna hii, mtawabebea mizigo wanaohamia. Anza na mama huyu."

"Mizigo gani, Mtukufu? Ana mkeka tu."

"Na watoto. Wamechoka, hawawezi ngazi."

Hivyo Fisi akapanda hadi ghorofa ya kwanza na watoto wa nungunungu mgongoni, wakicheza na kujigeuza kama watoto wanavyofanya, naye akisema "yalaa, yalaa," safari hii kwa dhati. Bi Nungunungu alitandika mkeka karibu na dirisha la upepo, akamshukuru kwa adabu zote, akafunga mlango. Fisi na ukoo wake wakashika njia ya porini kutafuta pango, mama mkwe akiwa nyuma, akimsema njia nzima.

Wahenga walinena: njia ya mwongo ni fupi.